Saab 900 Turbo ya Paa la Turubai: Gari la Miaka ya 1980 Linaloifaa Nairobi

Gari lolote ambalo injini yake hujivutia hewa yenyewe hupungukiwa likifika Nairobi. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini iliyopimiwa nguvu zake katika nyanda za chini za Ulaya au Japani hupoteza karibu asilimia 18 ya nguvu hizo hapa petu, hata ikiwa mpya kabisa. Madereva wengi hawalitambui jambo hili kwa kuwa hawajawahi kuendesha magari yao kwingine. Wanaolitambua ni wale wanaoshuka Mombasa kwa barabara na kushangaa kwamba gari lile lile limechangamka walipoipita Mariakani. Ninalitanguliza kwa sababu ndilo linalonifanya niamini kwamba gari ninalolihakiki hapa, Saab 900 Turbo yenye paa la turubai, ambayo turbo yake huisukuma hewa ndani ya injini, iliyobuniwa ili kuwavutia wateja wa Marekani na kuundwa Finland katika miaka ya 1980, inaifaa Nairobi kuliko inavyoifaa miji mingi iliyokusudiwa, na kwamba wanunuzi wetu wa magari ya zamani wameipita bila kuitazama vya kutosha.

Wanunuzi hao wana mapenzi yao yanayojulikana. Atakayetaka gari la zamani Nairobi atatafuta Mercedes-Benz ya W123, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Land Rover ya Series, au Peugeot 504 iliyojipatia heshima katika mashindano ya Safari. Atakayetaka turbo atanunua Subaru, abadilishe ekzosi, na majirani wote wajue saa anayorudi nyumbani. Saab haimo katika orodha yoyote kati ya hizo, ingawa jina lake si geni katika matope ya Afrika Mashariki: mwaka 1964 Erik Carlsson na mwenzake Gunnar Palm walimaliza wa pili katika Safari wakiwa na Saab 96 ndogo, injini yake ikiwa chini ya lita moja, nyuma ya Peter Hughes wa hapa Kenya aliyeshinda kwa Ford Cortina. Wazee wanaokumbuka mashindano hayo bado husimulia jinsi Wasweden wale walivyolipindua gari lao kwa mikono ili kulitoa kwenye tope, wakaliweka tena juu ya magurudumu yake na kuendelea na safari.

Gari nililoliendesha ni la mwaka 1989, jeusi, lenye usukani wa kulia na giaboksi ya mkono ya gia 5. Ni mali ya mzee mmoja mstaafu wa Lavington aliyelinunua kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama nchi, na ambaye sasa anataka kuliuza kwa sababu magoti yake hayapendi tena viti vya chini. Alinikabidhi ufunguo kwa masharti mawili, kwamba nisilikimbize kabla injini haijapata joto, na kwamba nisilizime ghafla nikitoka kulikimbiza. Masharti yote mawili ni ya haki, na yeyote anayeuza gari lenye turbo bila kuyataja ama halijui gari lake ama ana neno analolificha.

Ni vizuri mnunuzi aelewe mapema kwamba hawezi kujiagizia gari kama hili kutoka Uingereza. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, na kwa hiyo hazina iliyopo ni ile tu iliyokwisha kuingia nchini zamani. Ni hazina ndogo. Hata duniani magari haya si mengi: Saab 900 za umbo hili la kwanza, zilizotengenezwa kuanzia 1978 hadi miaka ya mwanzo ya 1990, zilizidi 900,000, lakini zenye paa la turubai hazikufika 50,000.

Wazo la kulikata paa halikutoka Sweden. Lilitoka kwa Robert Sinclair, aliyekuwa mkuu wa tawi la Saab nchini Marekani, ambaye aliona kwamba Saab 900 za milango miwili zikiondolewa paa zingegeuka kuwa kitu cha kutamanika. Gari la mfano lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1983, na mwaka 1986 uzalishaji ukaanza katika kiwanda cha Valmet, mjini Uusikaupunki nchini Finland, mahali ambapo theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa kila mwaka. Huenda ndiyo maana paa lenyewe lilitengenezwa kwa makini ambayo hukuyaona katika magari mengi ya aina hiyo wakati huo. Lina tabaka kadhaa za kitambaa na kizuia baridi, dirisha lake la nyuma ni la kioo halisi chenye nyaya za kuondoa ukungu, wakati wapinzani wake kadhaa walikuwa na karatasi ya plastiki inayogeuka manjano, na hukunjwa kwa pampu ya haidroliki baada ya dereva kufungua vishikio viwili vilivyo juu ya kioo cha mbele.

Sasa turudi kwenye hewa, kwa kuwa hapo ndipo penye uhondo. Turbo ni jozi ya magurudumu madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja: la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka injinini, na la pili huikandamiza hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Katika Saab hii hewa hiyo hupitishwa kwanza kwenye kipoza hewa, maana hewa iliyokandamizwa hupata joto, na hewa ya joto hubeba oksijeni kidogo. Injini ni ya lita 2, silinda 4 na vali 16, na kiwandani ilitoa nguvu za farasi 175 pale ambapo haikufungwa kichujio cha moshi, au 160 ilipofungwa. Kwa viwango vya leo si nyingi. Kwa mwaka 1986 zilikuwa nguvu ambazo wenzake walizipata kwa injini za silinda 6.

Kinachoitofautisha Saab na turbo nyingine za enzi hiyo ni mfumo walioupa jina la APC, kazi ya mhandisi Per Gillbrand, ulioanza kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kihisi kidogo kilichofungwa kwenye bloku ya injini husikiliza mlio wa kugonga, yaani ule mgongano unaotokea petroli inapowaka kabla ya wakati wake. Kompyuta ikiusikia, mara moja hupunguza shinikizo la turbo. Usiposikika, huliachia shinikizo lipande. Kwa njia hiyo gari liliweza kutumia petroli za madaraja tofauti bila kuiumiza injini. Katika jiji ambalo mwenye gari hawezi kuapa kwamba petroli aliyouziwa haikuchanganywa na mafuta taa, kifaa hicho si pambo. Nilipolijaza tangi katika kituo cha kawaida sikusikia mgongano wowote, hata katika gia ya nne mlimani, mahali ambapo injini za zamani za kabureta hulalamika kama zimetiwa kokoto.

Msomaji mwenye ujuzi atauliza kama turbo hurudisha nguvu zote zinazoporwa na mwinuko. Hairudishi zote. Vali inayolidhibiti shinikizo hupima tofauti kati ya hewa iliyokandamizwa na hewa ya nje, na hewa ya nje ikiwa nyepesi, jumla nayo hushuka. Kwa hesabu yangu, ikiwa injini isiyo na turbo inapoteza asilimia 18, hii inapoteza takriban 10. Weka hesabu hiyo kando ya BMW 325i ya paa la turubai ya miaka ile ile, gari linalotafutwa na kupigiwa bei kubwa, ambalo kiwandani lilikuwa na farasi 171 zisizo na turbo: Ulaya magari haya mawili yalikuwa sawa kwa sawa, lakini hapa BMW hubaki na farasi 140 hivi ilhali Saab hubaki na zaidi ya 155. Ukiendelea kupanda hadi Limuru, ambako mwinuko unazidi mita 2,200, pengo hilo linapanuka zaidi. Sisemi kwamba Saab ni gari bora kuliko BMW. Injini ya BMW ni laini kuliko yoyote iliyowahi kutoka Sweden. Nasema tu kwamba Nairobi ina mizani yake, na mizani hiyo inaielekea Saab.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji hawautaji. Chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika hivi, kabla turbo haijaanza kupuliza, hili ni gari la lita 2 lenye uzito wa takriban kilo 1,300 linaloivuta hewa nyepesi kwa pumzi zake lenyewe, na udhaifu huo Nairobi huonekana zaidi kuliko kwingineko. Ukiingia mzunguko wa barabara kwa gia ya pili, ukaona nafasi kati ya matatu mbili, na kuukanyaga mkanyagio, hutapata jibu mara moja. Utapata kimya, halafu mluzi mwembamba, halafu nguvu zote kwa pamoja, wakati ambapo nafasi yenyewe huenda imekwisha kuzibwa na bodaboda. Dereva wa gari hili hujifunza kuagiza nguvu mapema, kushuka gia kabla ya kuhitaji, na kuwasamehe wanaompigia honi. Katika msongamano wa Ngong Road saa 12 jioni turbo haina kazi yoyote, na klachi, ambayo si nyepesi, humkumbusha mtu kwamba ana mguu wa kushoto.

Lakini lipeleke Waiyaki Way alfajiri ya Jumapili, ulielekeze Limuru, ulitie gia ya tatu baada ya Uthiru na kuusubiri mshale wa turbo uvuke katikati. Mlima ambao gari dogo la kisasa huupanda likiguna, Saab huupanda kwa kusukumwa kutoka chini, bila kelele nyingi, huku nguvu ya msokoto ikifikia kilele chake kwenye mizunguko 3,000 tu kwa dakika, mahali ambapo dereva wa kawaida huwa anakaa. Huo ndio uliokuwa msimamo wa Saab tangu walipoitoa 99 Turbo mwaka 1977: kwamba turbo isiwe ya mashindano bali ya kumwezesha mwenye familia kulipita lori kwa usalama. Kwenye njia ya kuelekea Naivasha, nyuma ya malori ya mizigo yanayopanda pole pole huku yakitapika moshi mweusi, nimeuelewa msimamo huo kuliko ambavyo ningeuelewa kwa kusoma. Kwenye Nairobi Expressway, ambako mwendo umewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, gari linatembea katika gia ya tano kama lisilo na shughuli, na upepo unampita dereva juu ya kichwa kwa sababu kioo cha mbele kimesimama karibu wima na kupinda mpaka pembeni.

Hali ya hewa ya hapa pia inalifaa paa hili. Mbali na mvua za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba, kuna miezi mingi ambapo mtu anaweza kutoka asubuhi bila paa na kurudi jioni vivyo hivyo. Hata baridi ya Julai haizuii, kwa kuwa kipasha joto cha gari hili kilikusudiwa majira ya baridi ya kaskazini ya Ulaya. Nimeshuka kutoka Limuru usiku, paa likiwa wazi na vioo vya milango vikiwa juu, miguu ikiwa na joto la kutosha kuivua soksi. Adui ni jua. Katika mwinuko huu, karibu na ikweta, jua huuchoma mshono wa turubai na kuupasua uso wa juu wa dashibodi, na gari la majaribio lilikuwa na nyufa mbili ndefu kwenye dashibodi ambazo hakuna rangi itakayozificha. Gari hili lilale ndani ya banda au chini ya kivuli. Atakayelilaza wazi katika uwanja wa maegesho ya ghorofani atanunua turubai jipya mapema, na mafundi wa viti wa hapa, ambao ni hodari kwa ngozi na kwa maturubai ya malori, si wengi wanaojua namna ya kulinyoosha turubai hili bila kuacha makunyanzi kwenye pembe.

Kuhusu usalama, nitasema waziwazi kwamba sikulifungua paa katikati ya jiji ila asubuhi za wikendi. Simu iliyo juu ya kiti cha gari lisilo na paa kwenye msongamano wa Globe si ya mwenye gari tena, na turubai lililofungwa ni ulinzi dhidi ya mvua tu, si dhidi ya wembe. Usiache kitu chochote ndani kinachoonekana. Kwa bahati nzuri, wale wanaong'oa vioo vya pembeni na taa hawana soko la vipuri vya Saab, hivyo gari lenyewe huachwa kwa amani ambayo mwenye Toyota haijui.

Mashimo ndiyo yanayolifichua umri wake. Gari lililokatwa paa hupoteza ugumu wa mwili, na ingawa Saab walizidisha chuma sakafuni na kwenye nguzo za kioo, ukilipitisha kwenye barabara iliyochakaa utauona mwimo wa kioo cha mbele ukitetemeka kwa kiasi ambacho abiria mpya huuliza kama kuna kitu kimelegea. Hakuna. Chemchemi zenyewe ni laini na zina nafasi nzuri ya kupanda na kushuka, matuta ya mitaani huvukwa bila kukwaruza tumbo ukiyakabili taratibu, na kiti cha dereva ni miongoni mwa vilivyo bora nilivyowahi kukalia katika gari la bei yoyote. Viti vya nyuma ni vya watu wazima wawili wenye subira. Buti ni kubwa kuliko unavyotarajia.

Ndani kuna mambo ambayo yatamfurahisha mmoja na kumuudhi mwingine. Tundu la ufunguo liko sakafuni kati ya viti viwili, si kwenye usukani, na ufunguo hautoki mpaka gia iwe ya kurudi nyuma. Kuna mantiki ndani yake, maana goti la dereva haligongi ufunguo wakati wa ajali na mwizi hulikuta giaboksi limefungwa, lakini kila kijana anayeosha magari hulitafuta tundu hilo kwa muda mrefu, na mmoja aliniita kutoka ndani ya mkahawa akiwa na uso wa mtu aliyeharibu kitu. Dashibodi imepinda kumzunguka dereva, swichi ni kubwa kiasi cha kubonyezwa na mtu aliyevaa glavu nene, na kila kitu kiko pale mkono unapoangukia. Sikuwahi kuondoa macho barabarani ili kutafuta kitu, isipokuwa redio, ambayo mzee ameibadilisha na nyingine yenye taa za buluu zisizolistahili gari hili.

Tufike kwa mafundi, ambako ununuzi huu utafaulu au kushindwa. Boneti husogezwa mbele kisha huinuka yote pamoja na mabega yake, na anayeitazama injini kwa mara ya kwanza hudhani ameona vibaya. Fundi mmoja wa Industrial Area aliyelikagua gari hili mbele yangu aliinama, akaliangalia kwa muda, akasema, "Mkubwa, hawa watu waliiweka injini nyuma mbele." Alikuwa na haki. Injini imelazwa kwa nyuzi 45 na kugeuzwa, klachi ikiwa mbele karibu na rejeta, na mikanda yake ikiwa nyuma kwenye ukuta wa chumba cha abiria. Giaboksi iko chini ya injini, na nguvu hushushwa kwake kwa cheni. Faida yake ni kwamba klachi hubadilishwa kutoka juu bila kushusha injini wala giaboksi, kazi ambayo katika magari mengi huchukua siku nzima chini ya gari. Hasara yake ni kwamba chochote kinachohusu mikanda au cheni ya vali hufanywa kwa mikono iliyobanwa mahali pasipo na nafasi, na fundi atalipisha ubanaji huo.

Giaboksi yenyewe ndiyo sehemu dhaifu, na sitaki mnunuzi alipitie jambo hili haraka. Ilichukuliwa kutoka katika ukoo wa magari yaliyokuwa na nguvu chache zaidi, na beringi zake hazipendi dereva anayeachia nguvu zote za turbo katika gia za chini. Lipande gari mlima katika gia ya tatu na ya nne, redio ikiwa imezimwa, na usikilize kama kuna mlio wa kuimba unaobadilika ukiachia mkanyagio. Kisha ushuke kwa gia bila kukanyaga breki na uone kama mkono wa gia unaruka. Fanya hivyo mara kadhaa, gari likiwa baridi na likiwa na joto. Giaboksi la gari la majaribio liliimba kidogo katika gia ya nne, na mzee hakukana. "Kijana, limeimba hivyo tangu nilinunue," alisema, jibu ambalo nililiamini lakini ambalo bado lingekuwa sababu yangu ya kupunguza bei.

Injini, kwa upande wake, ni ngumu. Ikipata oili safi kwa wakati hufika kilomita laki kadhaa bila kufunguliwa, na inayokufa mapema kwa kawaida huwa imeuawa na rejeta iliyoziba au oili iliyochelewa. Turbo yenyewe huishi kwa oili: mhimili wake huzunguka kwa kasi kubwa mno juu ya utando mwembamba wa oili yenye joto, na ukiizima injini mara tu unapofika nyumbani, oili iliyobaki hukaangika humo ndani na kugeuka masizi. Dakika moja au mbili za kuiacha injini inguruma polepole langoni zinatosha. Moshi wa buluu unapoachia mkanyagio ni dalili mbaya. Mabomba ya mpira yanayobeba hewa na shinikizo huchakaa kwa joto na kuleta ulegevu ambao mafundi huupachika turbo bure. Mengi kati ya hayo hupatikana kwa kipimo katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado twaiita Grogan, kama zinavyopatikana plagi, beringi za magurudumu na vichujio. Vifaa vya umeme wa injini ni vya Bosch, na fundi aliyezoea Volvo za zamani hatavipotea.

Vilivyobaki huagizwa nje. Kampuni ya Saab Automobile ilifilisika Desemba 2011, lakini biashara ya vipuri haikufa nayo. Iliendelea Sweden chini ya jina la Orio, na Uingereza bado kuna wauzaji wanaoishi kwa gari hili peke yake. Kifurushi hufika kwa ndege na hutozwa ushuru, kwa hiyo mwenye gari apange matengenezo yake kwa awamu, na awe na gari jingine la kumpeleka kazini wakati anaposubiri. Asiyeweza kumudu gari la pili asilinunue hili.

Kabla ya kulipa, inua zulia la miguuni upande wa abiria na ubonyeze kwa kidole: unyevu hapo huonyesha kwamba mvua imepata njia, na chuma cha chini kimeanza kuliwa. Gari lililoishi Nairobi maisha yake yote huwa na hali bora kuliko lililokaa Pwani. Hakikisha jina kwenye hati ya umiliki ni la anayekuuzia na kwamba uhamisho unaweza kukamilishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujaachia fedha, kwa maana magari ya umri huu yamepita mikononi mwa watu waliokwisha kuondoka nchini au duniani. Kampuni nyingi za bima zitasita kukupa bima kamili. Matumizi ya petroli niliyoyaona yalikuwa kilomita 8 hivi kwa lita mjini na zaidi kidogo barabara kuu, na kwa bei zinazotangazwa na EPRA, mdhibiti wa nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, hilo si gari la kuendea Kitui kila wiki.

Bei aliyoitaja mzee ni chini ya ile inayotakiwa kwa Toyota Vitz iliyoteremshwa majuzi kutoka Japani, na ni sehemu ndogo tu ya anayotaka mwenye BMW ya paa la turubai ya umri huo huo. Kwa mwenye banda, fundi mwenye subira na gari jingine la kazi, naona ni bei ya haki, na gari likisafishwa vizuri halitaona haya mbele ya waamuzi wa Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ningemwomba mzee apunguze kiasi kinacholingana na gharama ya kulifungua giaboksi na kulibadilisha beringi, pamoja na usafirishaji wa beringi hizo kutoka Uingereza, na ningemwonyesha hesabu yenyewe kwenye karatasi. Akikataa, ningeongeza nusu ya kiasi hicho na kulichukua.